Maswali na Majibu: Jalada Moja, Mikono Mingi

Tangu niandike hapa kwamba ofisi yetu ya mawakili ya Arusha imehamishia majalada yote kwenye kompyuta, simu haijatulia. Mawakili, makarani na hata wateja wanauliza mambo yanayokaribiana: jalada moja linashikwaje na watu watano bila kuharibika? Nimechagua maswali machache, hasa yale ambayo mteja ndiye anayeumia tukikosea.

Shikamoo wakili. Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili watatu, Moshi mjini. Mmoja ananitumia rasimu kwa WhatsApp, wa pili kwa barua pepe, wa tatu ananiachia flashi mezani. Siku ya kusajili mahakamani sijui ipi ndiyo ya mwisho. Nifanyeje?

Marahaba. Nimeanza na lako kwa sababu jambo hili lilishanikuta. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa mawakili wawili kwenye maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Hati ya kiapo ilikuwa na aya 14. Jioni nikaona aya mbili zinajirudia, nikazifuta kwenye nakala yangu, zikabaki 12. Mwenzangu hakujua. Asubuhi akachapisha kurasa zangu, kisha akaambatisha ukurasa wa mwisho kutoka kwenye nakala yake, ule wenye uthibitisho, yaani maneno yanayoeleza mwapaji amejuaje yaliyomo kila aya. Uthibitisho ukasomeka kwamba yaliyomo aya ya 1 hadi 9, ya 13 na ya 14 mwapaji anayajua mwenyewe, na aya ya 10 hadi 12 ameelezwa na wakili wake. Mteja akaapa mbele ya kamishna wa viapo, tukasajili.

Mnajua kilichofuata. Wakili wa upande wa pili alisimama na pingamizi la awali: aya ya 13 na ya 14 ziko wapi? Mahakama ilituruhusu kurekebisha, lakini mteja wetu, mama aliyepanda basi alfajiri kutoka Karatu, alirudi kwake bila kusikilizwa. Nauli ya safari ya pili niliilipa mimi. Namkumbuka bado alivyokaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, mfuko wake wa nailoni mapajani, akiniuliza amekosea wapi.

Kwa hiyo karani wangu, fungua folda moja kwa kila shauri kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo ofisi inailipia, iwe Google Drive, OneDrive au nyingine, na rasimu ikae humo tu. WhatsApp ibaki ya kuambiana "nimemaliza aya ya saba, endelea". Hati iwe moja na wote waandike ndani ya hiyohiyo. Programu hizi zinatunza historia ya matoleo: unaona nani alifuta nini na saa ngapi, na unaweza kurudisha. Anayepitia kazi ya mwenzake atumie hali ya kupendekeza, si kufuta moja kwa moja, ili mwandishi akubali au akatae kila badiliko.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano "2025-03-14 Hati ya kiapo ya mleta maombi". Hapo faili zinajipanga zenyewe. Neno "mwisho" usiliweke kwenye jina kabisa. Nimeshakuta "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa leo" ndani ya folda moja. Hati ikishasainiwa, iskani yote kwa pamoja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi saini, uiweke kwenye folda ya "Vilivyosajiliwa" ambayo wengine wanaweza kuisoma tu. Na waambie mabosi wako kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno: kisichokuwa kwenye folda sikisajili. Wakikasirika, waonyeshe jibu hili.

Msomi mwenzangu, nashirikiana na wakili wa Dar es Salaam kwenye shauri la ardhi. Nilimtumia kiungo cha folda nzima, nikaweka "yeyote mwenye kiungo anaweza kufungua" ili asisumbuke. Kuna ubaya?

Upo, na naomba ukaufunge leo kabla hujamaliza kusoma. Kiungo cha namna hiyo ni ufunguo usio na jina. Mwenzako akimpa karani wake, karani akimpa mtu wa kuchapisha stashenari, folda yote iko nje na hakuna atakayejua ilipitia wapi. Mwongeze kwa anwani yake ya barua pepe, mpe folda ndogo anayoihitaji tu, na kama kazi yake ni kusoma, mpe ruhusa ya kusoma. Nyote wawili washeni uthibitisho wa hatua mbili ili neno la siri pekee lisitoshe kuingia.

Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa mazungumzo yake na mteja bila ruhusa ya mteja. Karatasi zilipokuwa kabatini tulielewa vizuri maana yake: unafunga, unaondoka na ufunguo. Folda iliyo wazi ni kabati lililoachwa kwenye baraza. Isitoshe, tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wanaokusanya au kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jalada la talaka, la mirathi au la fidia ya ajali limejaa taarifa hizo: magonjwa, mishahara, majina ya watoto. Sheria hiyo imeweka pia masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na hifadhi nyingi tunazotumia seva zake ziko nje. Mweleze mteja hilo siku anapokupa kazi, aridhie kwa maandishi.

Kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu amemaliza. Alikuwa anafanyia kazi kwenye simu yake. Tufanyeje?

Mwondoe kwenye folda siku hiyohiyo ya kuagana, mbele yake, na afute nakala zilizoko kwenye simu mkiwa mmekaa pamoja. Msiwe na neno moja la siri la ofisi nzima. Mkiwa nalo, kila aliyepita hapo tangu mlipoanza bado anaweza kuingia.

Tunashughulikia shauri la mtoto aliyefanyiwa ukatili. Tunataka kumpa mtaalamu wa nje baadhi ya nyaraka, tumeziba majina kwa mstari mweusi kwenye kompyuta. Inatosha?

Hapana, na swali hili lisomwe na ofisi zote. Mstari mweusi unaochorwa juu ya maandishi unakuwa kama kitambaa tu. Jina bado liko chini yake. Fanyeni jaribio: fungueni hiyo PDF, chagueni maandishi yote, nakilini, bandikeni kwenye ukurasa mtupu. Jina la mtoto likitokea, hamjaficha kitu. Tumieni programu inayofuta maandishi yenyewe, na kama hamna, chapisheni, zibeni kwa wino mzito, ishikeni karatasi hiyo mbele ya dirisha kuona kama jina bado linasomeka, kisha skanini upya. Wala msitume faili la Word lenye historia na maoni yenu pembeni.

Hapa Arusha kuna watu wazima waliojifunza kazi hii kwa ukali. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa kwenye jengo la AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Waendesha mashtaka wake walikuwa na ofisi Kigali, mashauri yakisikilizwa hapa, na nyaraka zilipishana kati ya miji hiyo kwa Kiingereza na Kifaransa, ushahidi mwingi ukitolewa kwa Kinyarwanda. Mashahidi waliolindwa waliitwa kwa herufi tu, hata ndani ya hukumu. Shahidi akitajwa kwa bahati mbaya, anayelipa ni yeye na watoto wake.

Igeni hilo. Mpeni mtoto herufi tangu siku ya kwanza, na orodha inayoonyesha herufi ipi ni ya nani ikae folda nyingine kabisa, inayofunguliwa na watu wawili tu. Hapo hata mkikosea kutuma hati, mmetuma herufi.

Mteja wa Marangu ameleta karatasi ya mauziano ya kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ya mwaka 1974, imeandikwa kwa wino na imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nimeipiga picha kwa simu. Nimrudishie?

Picha ya kawaida haitoshi. Tumia programu ya kuskani kwenye simu au skana ya mezani, ukurasa mzima na pembe zake, mbele na nyuma hata kama nyuma kuna hesabu za kahawa tu. Dole gumba na majina ya mashahidi yaonekane. Nakala hiyo ndiyo timu itaitumia, ili karatasi yenyewe isishikwe tena bila sababu.

Ile ya asili mahakama itaitaka kama kielelezo, na kuieleza imepotelea wapi ni kazi ngumu. Itie kwenye bahasha kubwa bila kuikunja upya, usiitoboe, usiibane kwa pini, usiitie plastiki ya moto. Ukiitunza wewe, mpe mteja stakabadhi yenye saini. Akiitunza yeye, andika hivyo ndani ya folda. Nimeona mawakili wanne wa ofisi moja wakitafuta karatasi asubuhi ya shauri, kumbe iko sandukuni kwa bibi, salama kabisa, kilomita themanini na zaidi kutoka walipo.

Mteja ametuma picha za mazungumzo ya WhatsApp kwenye kundi letu la ofisi, kila mmoja amezihifadhi. Zitapokelewa?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo, ila uzito wake unapimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Picha iliyopita kwenye simu sita ina maswali sita. Mwambieni mteja asifute mazungumzo wala asibadili simu. Mtu mmoja apokee moja kwa moja kutoka kwake, azitie kwenye folda isiyohaririwa, aandike tarehe, saa na simu iliyotumika. Wengine wazisome humo. Huyo mmoja ndiye anayeweza kuja kuulizwa kizimbani, hivyo asiwe wakili anayeendesha shauri.

Umeme ukikatika Sanawari tunaandika bila intaneti, ukirudi tunakuta hati mbili zenye jina moja. Siku ya mwisho ya kusajili ni hatari.

Kukatika kusipokwepeka, gawaneni aya: wewe ya 1 hadi 10, yeye ya 11 kuendelea, kila mmoja asiguse za mwenzake. Zikitokea mbili, mtu mmoja aziunganishe akiwa amezifungua zote, asifute yoyote mpaka mwenzake aone.

Kuhusu siku ya mwisho: Kanuni za usajili wa kielektroniki za mwaka 2018 zinahesabu hati iliyowasilishwa kabla ya saa sita usiku kuwa ya siku hiyo. Msiutumie usiku huo. Ubishi wa lini hati imesajiliwa, ilipowasilishwa au ada ilipolipwa, umeshafika mbele ya majaji zaidi ya mara moja. Wasilisheni mchana, lipeni kwa namba ya malipo saa hiyohiyo, na risiti iingie kwenye folda kabla karani hajaondoka.