Kabla hujakubali kwamba donge la kwenye mshono ni henia

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbeya kanitumia ujumbe wa sauti. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto sasa anatembea, na pembeni ya mshono pameota donge. Hospitalini kaambiwa ni henia, atafute pesa arudi akafanyiwe upasuaji. Wifi yake naye kashikilia kwamba ni chango. Anauliza amsikilize nani. Nimeshamjibu, lakini najua wengi mnaonisoma ni kina mama wenzangu wa kuhangaika: duka, watoto, na hamu ya kuongeza mwingine Mungu akijalia. Kwa hiyo naandika na hapa.

Langu lilianza hivyohivyo. Upande wa kulia, juu kidogo ya mshono, gumu kama kokwa la embe. Nilikuwa naishi Morogoro, nauza vitenge. Daktari wa kwanza aliniangalia nimesimama, gauni nimelipandisha nusu, akaandika henia ya mshono na kuniambia ninunue mkanda wa tumbo wakati nasubiri zamu ya kupasuliwa. Hakunilaza kitandani. Hakunigusa hata kwa kidole! Miaka imepita na bado nikikumbuka kalamu yake ilivyokuwa inakimbia kwenye karatasi, napandwa na hasira. Nyumbani nako walikuwa na lao. Mama mkwe akatangaza kwamba nilibeba ndoo mapema, arobaini sikuimaliza. (Niliimaliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipikia uji wa pilipili manga.)

Basi nikavaa mkanda, na donge likaendelea kukua humohumo ndani ya mkanda.

Aliyenifumbua macho ni daktari kijana kabisa, wa mafunzo, katika hospitali nyingine. Alinilaza chali, akaweka vidole juu ya donge, akaniambia nikohoe. Halafu akaniambia ninyanyue kichwa kutoka kwenye mto bila kujishikilia kwa mikono. Alikuwa ananieleza huku anapima. Henia ni uwazi kwenye ukuta wa tumbo, utumbo au mafuta yanachungulia hapo. Ukikohoa unausikia unasukuma vidole, na mara nyingi ukilala unarudi ndani. Langu halikurudi popote. Nilipokaza tumbo ndiyo kwanza likaganda palepale, maana lilikuwa limeota ndani ya msuli wenyewe. Akasema, "Mama, hii sidhani kama ni henia. Tupige ultrasaundi, halafu tuchukue kinyama."

Habari za foleni na faili kupotea nazipita, mnazijua wenyewe.

Kinyama kilichukuliwa kwa sindano nene, kwa ganzi ya pale pale. Jibu, mwisho wa yote: uvimbe wa desmoidi. Sikuwahi kulisikia hilo neno, na wengi niliowatajia hawakuwahi pia, hata manesi. Ni uvimbe adimu, unawapata watu wachache tu kati ya kila milioni kwa mwaka. Hausafiri kwenda kwenye ini au mapafu kama saratani, ila unatambaa ndani ya misuli, na ukitolewa unaweza kurudi. Ule wa ukuta wa tumbo unawapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, mara nyingi baada ya ujauzito, na kidonda cha upasuaji nacho kinatajwa kuchangia. Ndoo ya maji haimo, mama.

Hapa sasa nisikilizeni vizuri. Zamani ukikutwa na desmoidi ulikuwa unakatwa haraka na kwa upana. Siku hizi sivyo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unashauri kwanza kuufuatilia kwa vipimo, kwa sababu baadhi husimama na baadhi husinyaa vyenyewe. Katika utafiti wa dawa ya sorafenibu uliochapishwa 2018, hata kwa wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, uvimbe ulipungua vya kutosha kuhesabika kwa asilimia 20 yao. Fikiria mtu anayekimbizwa chumba cha upasuaji kwa "henia", tumbo linafunguliwa, daktari anakutana na kitu asichokitarajia, anakata anachokiona na kuacha mizizi.

Mimi nilifuatiliwa. Wangu ukawa unakua kutoka CT skani moja hadi nyingine, na maumivu yakawa yananinyima usingizi, ndipo jopo la madaktari Dar es Salaam likaamua nipasuliwe. Nikapigwa nusu kaputi. Walitoa uvimbe pamoja na sehemu ya msuli na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Pengo lililobaki halikuweza kushonwa kwa uzi mtupu, wakaweka wavu wa polipropilini nyuma ya msuli, mahali usipogusana na utumbo. Yaani niliponea upasuaji wa henia, nikatoka na wavu uleule wa henia tumboni! Bila huo wavu, hapo ndipo henia ya kweli ingetokea.

Leo nabeba robota la vitenge (si siku zile za mwanzo, msinisingizie), nina duka la pili Msamvu, na walionizushia mambo wanakuja kununua kwa mkopo. Nawapa.

Kina dada, tuache kupokea majibu tukiwa tumesimama mlangoni. Sema "naomba nilale unipime." Likibaki gumu ukiwa umelala, omba ultrasaundi. Wakisema uvimbe, omba kinyama kabla ya kisu. Narudia: kinyama kabla ya kisu. Kama maumivu yanapanda kila ukikaribia hedhi, mwambie daktari hilo wazi, kwa sababu tishu za mji wa mimba huweza kuota kwenye kovu la upasuaji, na hiyo ni habari nyingine yenye tiba nyingine. Na kama kweli una henia, ikagoma kurudi ndani, ikauma sana, ukatapika na tumbo likafunga, hapo usingoje zamu wala ushauri wangu. Nenda usiku huohuo, utumbo unaweza kuoza. Mnachelewa mno, jamani. Mnaona aibu kuvua gauni mbele ya daktari lakini mnamvulia mganga.

Jambo la mwisho kwa dada wa Mbeya. Maabara hugandisha kinyama kwenye nta na kukihifadhi. Majibu yangu ya kwanza kabisa yaliandikwa "uvimbe wa nyuzinyuzi" tu, basi. Jina la desmoidi lilipatikana Dar, kwa kipimo cha protini iitwayo beta-katenini, na kipimo hicho kilifanyika kwenye kipande kilekile cha nta ambacho nilikwenda kukidai mwenyewe nikiwa na barua ya daktari. Dirishani waliniambia mgonjwa hapewi. Nikakaa kwenye benchi mpaka mkuu wao akatoka. Kwa hiyo siku watakapokuchukua kinyama, uliza namba ya kipande chako, iandike, ipige na picha kwenye simu.