Rubella IgM pozitivu ukiwa na mimba: usikate shauri kwa karatasi moja

Dada uliyeuliza una mimba ya wiki 10, umepima rubella (kirusi cha vipele, ndugu wa surua kwa sura tu) na IgM na IgG zote zimesoma pozitivu, pole kwanza. Hizo mbili ni kinga za mwili kwenye damu: IgM hutangulia ukiugua, IgG huja baadae na kubaki. Mi yalinikuta 2021 nikiwa Masasi.

Mtoto wa dada'angu aliletwa kutoka Newala vipele vimeanza usoni, mama mkwe akasema joto tu hilo, nami nikambeba, nikamwogesha, nikalala nae. Siku ya nne ndo nasikia huenda ni rubella, mimba ina wiki 9! Nikakimbilia maabara moja ya mtaani, wakanitoboa kidole, kipimo cha kaseti (kile kidude cha plastiki chenye mistari), mstari wa IgG umekolea, wa IgM hafifu mpaka yule kijana akainua kaseti dirishani ndo akauona. Akaandika plus plus, na mtu pale kaunta akaniambia nianze kufikiria kutoa. Nililia mpaka bodaboda akakataa nauli.

Dokta mmoja Mtwara mjini hata karatasi hakuigusa, akauliza tu mtoto alikuja lini. Nikasema siku nne. Akasema rubella inajificha mwilini kama wiki mbili mpaka tatu ndo vipele vitoke, IgM inakuja na vipele au siku chache baadae, IgG inaifuata kama wiki hivi, sasa wewe ndani ya siku nne hiyo IgG umeitoa wapi? Kinga ya zamani hiyo. Chanjo ya surua-rubella kwetu imeanza 2014, sisi wakubwa wengi tuliugua utotoni bila kujua, vipele vya siku tatu nani alikuwa anavihesabu. Na IgM bwana inadanganya, mimba yenyewe inaweza kuichezesha, virusi vingine vya vipele, hata damu ya mtu mwenye baridi yabisi.

Ila hakuniacha na maneno matupu. Ikatolewa damu ya mshipa, chupa ya kifuniko chekundu, ikaachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, yale maji ya njano ya juu (ndo seramu) wakayagawa mara mbili: nusu ikapanda basi la Dar kwenye kiboksi cha barafu kupimwa aviditi (nitaieleza hapa chini), nusu friza. Baada ya wiki tatu nikatolewa tena, ile ya friza na mpya zikapimwa pamoja, mashine moja, siku moja. Hapa ndo wengi wanakosea, ukipima leo huku na mwezi ujao kule namba hazilinganishiki. IgG ingepanda mara nne ingekuwa maambukizi mapya, yangu haikusogea. Aviditi nayo ni jinsi kinga inavyomng'ang'ania kirusi, changa inaachia kirahisi, iliyokomaa haibanduki, yangu ikaja juu, yaani niliugua zaidi ya miezi mitatu nyuma.

Sikuahidi kwamba na wewe itakuwa hivyo, maana rubella mpya ndani ya wiki 12 za mwanzo inaharibu mtoto kweli, moyo, macho, masikio. Hujasema kama ulitoka vipele au ulikaa na mgonjwa, na lini hasa, rudi utuambie maana bila tarehe majibu hayo hayasomeki. Kesho nenda hospitali kubwa, omba IgG ya namba sio ya plus, waambie seramu itakayobaki waiweke friza, uliza na aviditi inapelekwa wapi. Na hiyo karatasi ya kwanza usiichane kwa hasira, ina tarehe, dokta ataitaka.