Je, Bei Elekezi ni Haramu? Mjomba Amehodhi Sukari, Nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nauza katika duka la mjomba aliyenilea na kunisomesha. Sukari imeadimika, Ramadhani inabisha hodi, na serikali imetoa bei elekezi. Stoo tuna magunia 60 ya kilo 50. Aliyanunua bei ilipoanza kupanda, kwa shilingi 130,000 kila moja, na ameniamuru niseme imekwisha mpaka gunia lifike 200,000. Nilipomkumbusha dini akasema ustadhi mmoja amefundisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei, basi soko liachwe huru. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Swali lako limenihuzunisha, kwa sababu Hadithi ya Mtume imefanywa kufuli la stoo.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Ameipokea Anas bin Malik, nayo imo katika vitabu vya Hadithi vya Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Bei zilipanda Madina, watu wakaomba wapangiwe, Mtume akajibu kuwa Allah ndiye mpanga bei, mwenye kubana na kukunjua, na kwamba anatarajia kukutana na Mola wake bila ya yeyote kumdai dhulma ya damu wala mali. Kwa Hadithi hii wanachuoni wengi, wakiwemo Mashafi wenzetu, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, wameharamisha mtawala kupanga bei.

Lakini soma sababu: anaogopa dhulma. Mwanachuoni Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, alisimama hapo hapo. Hakuna awezaye kumtuhumu kupenda mambo mapya, na Mahanbali, wenzake wa madhehebu, walikuwa na kauli hiyo hiyo ya kuliacha soko. Aliikataa katika risala yake ya hisba, yaani usimamizi wa soko na maadili. Alisema bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, huku wauzaji wanauza kama kawaida, kuwalazimisha bei ni dhulma. Madina hakuna aliyeficha kitu. Ama wenye bidhaa wakizuia ilhali watu wanaihitaji, kuwalazimisha wauze kwa bei ya mfano wake, yaani bei ya kawaida ya bidhaa kama hiyo, ni uadilifu, tena wajibu. Dalili yake iko Bukhari na Muslim, kwa Ibn Umar: mwenye kuacha huru fungu lake katika mtumwa wa shirika, mtumwa hukadiriwa thamani ya uadilifu na mshirika akalipwe fungu lake. Mshirika haachiwi atake apendavyo. Ikiwa bei hupangwa kwa ajili ya uhuru wa mtu mmoja, vipi chakula cha mji mzima?

Na hilo soko "huru" Mtume hakuliacha bila ua. Alikataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajaijua bei ya sokoni, na katika Muslim akasema hahodhi ila mkosaji. Imam Nawawi, Shafi kama sisi, amenukuu ijmai, yaani makubaliano ya wanachuoni, kuwa mwenye chakula ambacho watu wamekidharurikia na hawapati kingine, hulazimishwa kukiuza.

Mjomba atasema sukari si chakula kikuu. Kweli, Mashafi wengi wameifunga ihtikari, yaani kuhodhi kulikokatazwa, kwenye vyakula vikuu vilivyonunuliwa wakati wa ughali ili vizuiwe. Lau angenunua msimu wa rahisi wangemsamehe jina hilo. Lakini Imam Malik, na Abu Yusuf mwanafunzi wa Abu Hanifa, wameieneza kwa kila ambacho kukizuia kunadhuru watu, na hiyo ndiyo kauli ninayoitolea fatwa.

Wenye mamlaka nao wasijione wamepona. Ibn Habib, mwanachuoni wa madhehebu ya Malik, ameeleza utaratibu: waitwe wakubwa wa biashara ile, waletwe na wengine wa kuthibitisha maneno yao, waulizwe wananunuaje na wanauzaje, kisha wavutwe taratibu mpaka bei itakayowafaa wao na umma. Bei ikitajwa ofisini bila hayo, isimwachie muuzaji faida, chakula kitafichwa na bei zitaharibika zaidi.

Kwenu piga hesabu. Gunia 130,000, weka mathalani nauli 3,000, wapagazi 1,000, upungufu wa kupima 1,000: jumla 135,000, yaani shilingi 2,700 kwa kilo. Ongeza faida yenu ya siku zote. Ikiwa kiwanda kimepandisha kweli, pandisheni kwa kadiri hiyo. Bei elekezi ikiwa chini ya gharama, pelekeni risiti kwa afisa biashara, msifiche.

Sasa wewe. "Imekwisha" ni uongo, na kumtii mjomba hakuuhalalishi. Mama akija na kikombe kutaka robo ya sukari ya uji wa futari, naye amesimama hatua tatu kutoka kwenye magunia, mwambie: "Mwenye duka hajaruhusu kuuza." Usimfedheheshe mjomba mbele ya wateja wala usimshitaki msikitini. Mwendee baada ya Isha, mkiwa wawili tu, na karatasi ya hesabu mkononi. Anza kwa kumshukuru kwa ada alizokulipia, kisha mwombe afungue japo magunia kumi. Akikataa, mwombe shangazi au mzee anayemstahi azungumze naye. Akikushurutisha uongo kila siku, tafuta kazi nyingine, na uendelee kumjulia hali kila Ijumaa.