Lori hupisha, hifadhi haipiti

Msomaji wetu wa Makambako alikuwa ndani ya basi lililokuwa likipanda mlima Kitonga. Mbele yao lori limeelemewa na mzigo, linakwenda kwa kujivuta. Abiria mmoja akapaza sauti: “Si atupitishe!” Jirani yake akamsahihisha: “Sema atupishe.” Msomaji anauliza nani alikuwa sahihi.

Wa pili. Anayekaa kando ili mwenzake apite, anapisha. Trafiki anayesimama pale lori lilipoharibikia, akiruhusu magari kwa zamu, yeye ndiye anayepitisha. Yote mawili yametoka kwenye pita, na pisha ni umbo la zamani, kama pasha lilivyotokana na pata. Maana yake ya kale, kufanya kitu kipite, bado tunaisikia katika “Mungu apishe mbali.”

Kwa kuwa umeligusa neno hili, niseme linaloniuma. Nawasikia watu, wasomi wakiwamo, wakisimulia kwamba wafugaji wa bonde la Usangu, kule Mbarali, “walipisha hifadhi.” Walianza kuondolewa mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Walipisha?

Turudi Kitonga. Dereva wa lori anaona basi nyuma yake, anawasha indiketa ya kushoto, anasogea, basi linapita. Kisha lori linarudi kwenye njia yake na safari inaendelea. Aliamua mwenyewe, aliyempisha alikuwa anapita kweli, na barabara haikumtoka. Mfugaji wa Usangu hakuamua. Hifadhi haikuwa ikipita kwenda popote. Ilikuja ikakaa, na yeye hakurudi. Ukisema alipisha, unamvika uungwana wa dereva mtu aliyeamriwa kuondoka na ng'ombe wake, na msomaji hajui tena kwamba kulikuwa na aliyetoa amri. Hilo naliona ni kosa la lugha na ni dhuluma pia.

Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna kuhamishwa, tuna kuondolewa, na aliyefukuzwa kafukuzwa. Kama ardhioevu ya Ihefu, iliyomo humo Usangu, ililazimika kulindwa ili mto Ruaha Mkuu usikauke, hoja hiyo ina uzito wake na isimame yenyewe mbele ya watu. Haihitaji kitenzi cha kuifunika.

Kwenye “kupisha barabara” nalegeza kidogo. Barabara husemwa inapita: inapita Igawa, inapita Uyole. Mwenye nyumba iliyopigwa alama ya X, akalipwa, akabeba mabati yake mwenyewe, huyo amepisha, sibishani. Lakini kama greda limekuja yeye akiwa shambani, andikeni kwamba nyumba yake imebomolewa.