Kabla hujaipandisha Dovecot hadi 2.4, soma logi kwanza

Seva ninayoitunza hapa Arusha ni ya kampuni ya utalii. Mgeni anayeuliza bei leo asipojibiwa, kesho keshalipia kwingine. Ndiyo maana kazi kubwa za seva nazifanya masika, simu zikiwa zimepoa.

Safari hii tulihama Debian 12 kwenda 13, ndio mfumo endeshi wa seva yetu, na Dovecot, programu inayowafungulia watu visanduku vyao vya barua pepe, ikatoka 2.3 kwenda 2.4. Usidanganyike na udogo wa namba. Faili la mipangilio la zamani halikubaliki tena: mstari wa kwanza lazima utaje dovecot_config_version, na majina mengi yamebadilika, mfano ssl_cert imekuwa ssl_server_cert_file. Mimi nililitia viraka la zamani usiku kucha, saa kumi alfajiri seva ikawa bado inagoma kuwaka. Andika jipya, kwenye mashine ya majaribio, na usihamishe mstari usioujua kazi yake.

Mstari mmoja wa namna hiyo ulikuwa disable_plaintext_auth = no. Aliyenitangulia aliuweka, na maana yake ni kwamba watu waliruhusiwa kutuma nywila mtandaoni bila kufichwa. Toleo jipya, usipoligusa, linakataa. Nikafungua logi, yaani kumbukumbu za seva, za mwezi mzima, nikatafuta mistari ya imap-login (sehemu ya Dovecot inayopokea wanaoingia) isiyo na neno TLS, yaani mawasiliano yaliyofichwa. Wakatokea mhasibu wetu na vijana watatu wa kambi ya Karatu, wote wakiingia kwa mlango (port) 143.

Niliambiwa niweke tu auth_allow_cleartext = yes, ruhusa ileile kwa jina jipya, mambo yaende. Nilikataa, na wewe kataa. Kwenye visanduku hivyo kuna nakala za pasipoti za wageni, na yeyote anayesikiliza Wi-Fi ya kambini angeichukua nywila kama ilivyo. Niliwapigia mmoja mmoja, tukahamia mlango 993 wenye TLS, nao wakabadilisha nywila siku hiyohiyo. Simu ya kila mmoja haikuzidi dakika kumi.

Kama mna seva mbili zinazonakiliana kwa replicator, msipandishe kwanza. 2.4 imeiondoa kabisa, kwa hiyo tafuteni njia nyingine kabla ya kugusa chochote.

Sisi tulipandisha Jumamosi usiku, bekapu ikiwa kwenye diski ya pembeni. Jumatatu asubuhi, kijana wa zamu Karatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia, na mstari wake kwenye logi ulikuwa na TLS.