Barua kwa mwanangu: vidonge vya manjano na sigara usiyoiacha

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama vidonge vya manjano, kile kiungo cha jikoni, na vya chai ya kijani vinaweza kukukinga na saratani ya kinywa, kwa kuwa sigara bado imekushinda. Halafu mwishoni, kana kwamba si kitu, ukaandika kuwa una kidoa cheupe ndani ya shavu. Nitaanza na ulichouliza, lakini hicho kidoa ndicho kilichonifanya nikujibu leo leo.

Kwamba mimea ina kitu, huo si uzushi. Manjano yana kurkumini, chai ya kijani ina katekini, na kule maabara seli za saratani ya kinywa zikiwekewa kemikali hizi hupunguza kasi ya kugawanyika, nyingine zikafa kabisa. Shida iko kwenye safari ya kufika mwilini. Kurkumini ukiimeza, utumbo hufyonza kidogo mno, na hicho kidogo nacho ini hukibadilisha upesi. Kinachobaki kwenye damu hakikaribii hata kidogo kiasi kilichotumika kwenye seli za maabara.

Mimi navutiwa zaidi na brokoli na jamaa zake akina kabichi. Sulforafeni, ile kemikali yake inayosifiwa, haimo kwenye brokoli iliyokaa nzima. Mmea huweka malighafi yake mahali pamoja na kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuibadilisha, mahali pengine. Ukiikata au ukiitafuna, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana na sulforafeni inatengenezwa palepale, kati ya meno yako. Ikishaingia mwilini huamsha seli zitoe vimeng'enya vya kupambana na sumu. Ukiichemsha mpaka ikalegea, kimeng'enya cha mboga kinaharibika. Nyanya ni kinyume chake: likopeni, ile rangi yake nyekundu, hufyonzwa vizuri zaidi zikipikwa na mafuta kidogo. Kwa hiyo kula mbichi, kula zilizopikwa, usijitese na kanuni.

Ni kweli pia kwamba walaji wazuri wa mboga na matunda huonekana kupata saratani hii kwa uchache. Ila mara nyingi watu haohao hawavuti, wala hawanywi sana, na kutenganisha mambo hayo ni kazi ngumu. Shirika la utafiti wa saratani la World Cancer Research Fund lilipopitia tafiti mwaka 2018, lilisema ushahidi wa mboga kwa saratani za kinywa na koo ni mdogo, wa kuashiria tu.

Sasa vidonge. Kule Ufini wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 waliingizwa kwenye utafiti, baadhi wakapewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, ikitarajiwa iwakinge na saratani ya mapafu. Matokeo yakatoka 1994: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine wa Marekani uliowapa wavutaji beta-karotini pamoja na vitamini A ulisimamishwa kabla ya wakati, mwaka 1996, kwa sababu hiyohiyo. Karoti haikumdhuru mtu. Ni kile kipimo kikubwa ndani ya kidonge, kwa mtu anayevuta. Na wewe unavuta. Dondoo za chai ya kijani nazo, yaani ile chai iliyokolezwa ndani ya vidonge, zikizidi, zinaweza kuumiza ini. Kikombe cha chai hakina neno, mradi usikinywe kikiwa cha moto wa kuunguza.

Hakuna mboga inayoweza kufuta kazi ya tumbaku. Ukiongeza pombe, hatari haijumlishwi tu, inazidishwa: bakteria wa mdomoni huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba, na pombe yenyewe hulainishia kemikali za moshi njia ya kupenya kwenye ngozi laini ya kinywa. Tumbaku ya kutafuna na popoo navyo havina nafuu yoyote, usije ukahamia huko. Ukiacha kuvuta, hatari hushuka mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo kinga yenye ushahidi. Kama peke yako huwezi, kuna dawa za kusaidia kuacha, na kuziomba si aibu.

Turudi kwenye kidoa. Nilipokuwa nikifanya kazi kliniki ya meno, jambo la kwanza lilikuwa kukifuta kwa kitambaa cha shashi. Utando wa fangasi mara nyingi hutoka. Kisichotoka kinahitaji kuchunguzwa. Vingi vya namna hiyo haviwi saratani kamwe, lakini kwa macho tu hakuna anayeweza kukuhakikishia. Usisubiri maumivu pia, kwa sababu saratani ya kinywa inapoanza mara nyingi haiumi. Vitamini A na beta-karotini vimejaribiwa kwa vidoa hivi. Baadhi ya vidoa vilipungua, vingi vikarudi, na haikuthibitishwa kwamba vidonge hivyo vilizuia saratani. Kwa hiyo kidoa kikififia kwa vidonge vyako, bado kinatakiwa kuonwa.

Wiki hii nenda kwa daktari wa meno. Hakikisha ametazama pembeni mwa ulimi na chini yake, huko ndiko saratani hii hupenda kukaa, na amekugusa shingoni kutafuta uvimbe. Akitaka kukata kinyama cha kupeleka maabara, kubali. Kabla hajakata, mtajie kila kidonge ulichoanza kumeza, na idadi ya sigara zako kwa siku bila kuipunguza.

Mama yako