Ukitaka kuzielewa RNA zisizotengeneza protini kwenye ubongo, anza na mnyoo

Kila ninapopitia pendekezo la utafiti la mwanafunzi anayeingia kwenye fani hii, naitafuta kwanza sentensi moja: RNA fulani, yaani molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA, imeonekana kwa wingi kwenye ubongo unaokua, hivyo ina kazi muhimu. Mara nyingi naikuta, tena ukurasa wa kwanza. Nusu ya mwanzo ya sentensi hiyo ni kipimo. Nusu ya pili ni tumaini. Ushauri wangu mkubwa ni uzitenganishe nusu hizo tangu siku ya kwanza, na usisonge mbele mpaka uone jaribio linaloziunganisha.

Nina sababu ya kusisitiza. Sehemu ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo hunakiliwa kuwa RNA, walau katika seli fulani na kwa wakati fulani, na ubongo ni miongoni mwa tishu zenye aina nyingi mno za RNA hizo. Ukipima RNA zote za ubongo wa kijusi utapata orodha ndefu, hata kama nyingi zilizomo hazifanyi kitu. Orodha hiyo bado si ugunduzi.

Ndiyo maana huwashauri wanafunzi waanze na mnyoo. C. elegans ana urefu wa takriban milimita 1, na yule wa jinsia mbili ana nyuroni, yaani seli za neva, 302, kila moja ikiwa na jina lake. Ni kwa mnyoo huyu ambapo mwaka 1993 maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun zilionyesha kwamba RNA fupi iitwayo lin-4, yenye nyukleotidi (vipande vidogo vinavyounda RNA) 22 hivi, hujishikiza kwenye RNA mjumbe ya jeni lin-14, yaani nakala inayobeba maelekezo ya protini, na kuzuia protini yake isitengenezwe. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilionekana kuwa la minyoo tu. Mwaka 2000 ikabainika kuwa RNA nyingine ya aina hiyo, let-7, ipo kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo. Ambros na Ruvkun walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Kisa ninachomtaka mwanafunzi akisome mpaka aweze kukichora bila kutazama popote ni cha lsy-6. Mnyoo huyo ana nyuroni mbili za kuonja chumvi, moja kushoto na moja kulia, ziitwazo ASE. Kwa umbo zinafanana, ila ya kushoto huhisi hasa sodiamu, na ya kulia kloridi na potasiamu. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba lsy-6, RNA ndogo inayopatikana katika nyuroni chache mno, hufanya kazi ndani ya ile ya kushoto kwa kuizima jeni cog-1. Ukiiondoa lsy-6, nyuroni ya kushoto huchukua sifa za ya kulia. Ukiilazimisha itokee kulia, ya kulia hugeuka kuwa kama ya kushoto. Hapo kuna RNA moja, jeni moja inayolengwa, seli inayojulikana kwa jina, na matokeo yanayoonekana ukipunguza na ukiongeza. Mimi nimepimia kisa hiki kila makala ya utafiti niliyosoma baadaye, na nyingi hazifiki hapo.

Ukishakizoea, panda kwa wanyama wenye uti wa mgongo kupitia miR-124, RNA fupi ya aina ile ile ya lin-4. Katika seli ambazo bado si nyuroni, protini iitwayo REST huizuia isinakiliwe. Seli inapoelekea kuwa nyuroni kizuizi hicho hulegea, miR-124 hupanda, nayo huipunguza PTBP1, protini inayozuia RNA mjumbe zisikatwe na kuungwa kwa mtindo wa nyuroni. Mwaka 2011 watafiti walitumia miR-124 pamoja na miR-9, RNA fupi nyingine, kugeuza seli za ngozi ya binadamu kuwa nyuroni, lakini ufanisi ulipanda sana pale walipoongeza protini kama NEUROD2. Ukisimulia matokeo hayo, usiiache nusu hiyo ya pili.

Kwa RNA ndefu, kuwa mkali zaidi. Malat1, mojawapo ya hizo, imejaa kwenye nyuroni, na mwaka 2010 iliripotiwa kwamba kuipunguza katika nyuroni zilizokuzwa maabara kunapunguza sinapsi, yaani viungo ambavyo nyuroni huwasiliana kupitia kwavyo. Mwaka 2012 maabara tatu tofauti ziliripoti panya wasio na Malat1 kabisa: walizaliwa, wakakua, wakazaa, bila kasoro ya wazi. Sisemi jaribio la kwanza lilikosewa. Nasema mnyama mzima ana njia za kufidia ambazo seli kwenye sahani haina, kwa hiyo ukinukuu la kwanza nukuu na la pili. Chunguza pia RNA iliondolewaje. Kama kipande kizima cha DNA kilikatwa, huenda kilichopotea ni swichi ya jeni ya jirani, na RNA yenyewe haina hatia.

Ukali huu una faida nje ya maabara. Mwaka 2024 ilithibitishwa kwamba mabadiliko katika jeni RNU4-2, ambayo haitengenezi protini yoyote bali RNA ya nyukleotidi 141 inayoshiriki kukata na kuunga RNA mjumbe, husababisha ugonjwa wa ukuaji wa neva wenye ulemavu wa akili. Makadirio ya watafiti ni karibu asilimia 0.4 ya watu wenye matatizo ya ukuaji wa neva. Kwa wengi wao mabadiliko hayo yameanza kwa mtoto mwenyewe, hakuyarithi. Yalikaa muda mrefu bila kuonekana kwa sababu vipimo vingi vya jeni husoma maeneo ya protini peke yake.

Basi kama unahudumia familia ambayo kipimo cha mtoto wao kilirudi bila jibu, au wewe ndiye mzazi, muulize mtaalamu wa jeni maswali mawili: je, kipimo kile kilisoma jenomu nzima au maeneo ya protini tu, na je, RNU4-2 iliangaliwa? Kama data ya jenomu nzima ipo tayari, omba ichambuliwe upya. Mara nyingi hakuna haja ya kumtoa mtoto damu tena.